Jinsi ya Kuutazama Ua wa Delft: Mwanga na Utulivu katika Picha ya Pieter de Hooch

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukaa na picha moja mpaka imfungukie. Picha yenyewe ni Ua wa Nyumba Mjini Delft, aliyoichora Mholanzi Pieter de Hooch mwaka 1658, na leo iko katika jumba la sanaa la National Gallery, London. Ndani yake hamna vita, hamna mfalme, hamna malaika. Kuna ua uliosakafiwa kwa matofali, mtumishi aliyemshika mkono msichana mdogo, na mwanamke mwingine aliyetupa mgongo, amesimama ndani ya ujia anatazama upande wa pili. Basi.

Wengi huipita baada ya sekunde chache, na siwalaumu, maana si picha ya kumwita mtu kwa sauti. Lakini ukijua pa kuanzia utagundua kwamba ule utulivu unaouhisi haukujiotea. Kuna mtu aliupanga, na hatua zilizopangwa zinaweza kufuatwa nyuma moja moja. Ndiyo kazi tutakayoifanya hapa. Huhitaji kujua kuchora. Unahitaji simu au kompyuta, rula, karatasi, na saa moja ambayo hakuna mtu atakayekuita.

Hatua ya kwanza: iandae picha ipasavyo

Fungua tovuti ya National Gallery uitafute picha kwa namba yake, NG835. Hapo kuna nakala kubwa unayoweza kuivuta mpaka uone michirizi ya brashi. Usitumie nakala yoyote uliyoikuta imesambaa mitandaoni. Nyingi zimekolezwa rangi, matofali yakawa mekundu kama nyanya, na ukianza na rangi za uongo kila kitu kinachofuata kitakuwa cha uongo. Kama simu yako ina ule mpangilio wa usiku unaoufanya uso wake uwe wa njano, uzime. Ongeza mwanga wa simu. Kaa mahali ambapo jua halipigi kwenye kioo.

Kisha fanya jambo ambalo watu hulidharau: kata gazeti lenye urefu wa sentimita 73.5 na upana wa sentimita 60, ulibandike ukutani usawa wa macho. Huo ndio ukubwa halisi wa picha. Kwenye simu, picha ya ukuta mzima na picha ya kiganjani huonekana sawa, na hapo ndipo macho hudanganyika. Ukilitazama gazeti lile utaelewa kwamba de Hooch hakuchora kitu cha kujaza ukumbi. Alichora kitu cha chumba cha nyumbani, cha kutazamwa na mtu mmoja au wawili waliosogea karibu. Liache gazeti palepale mpaka umalize. Kila unapovuta sehemu ya picha kwenye simu, rudi ulitazame ujue sehemu hiyo ina ukubwa gani kwa kweli.

Hatua ya pili: sema unachokiona, bila kueleza maana

Anzia kushoto uende kulia, useme kwa sauti. Kushoto kuna tao la matofali. Juu ya tao kuna bamba la jiwe lenye maandishi. Ndani ya tao kuna ujia unaopenya nyumba mpaka upande wa pili, na mwanamke amesimama humo, mgongo kwetu. Kulia kuna ua wenyewe, na uzio na upenu wa mbao vilivyozeeka, na majani yanayotambaa juu. Mtumishi na mtoto wako karibu na vidato. Mmoja ameinamisha uso, mwingine ameinua wake, wanatazamana. Mbele, karibu na sisi, kuna ndoo na ufagio. Juu kabisa, kipande kidogo cha anga.

Usiseme bado "amani" wala "upweke" wala "usafi". Maneno hayo yatakuja yenyewe baadaye, na yakija mapema hukufumba macho. Ukishamwita yule mwanamke wa ujiani "mpweke" hutamwona tena. Utaliona neno lako.

Ukimaliza orodha, ongeza swali moja: nani anamwona nani? Mtumishi na mtoto wanaonana. Mwanamke wa ujiani hamwoni yeyote kati yao, na wao hawamwoni, kwa sababu kati yao kuna ukuta. Sisi peke yetu ndio tunaowaona wote. Shikilia jambo hilo.

Hatua ya tatu: tafuta mianga mitatu

Hii ndiyo hatua niipendayo kuliko zote, kwa hiyo chukua muda wako.

Mwanga wa kwanza ni wa uani. Unatoka juu, kwenye anga tunaloona kipande chake tu, na unashuka kati ya kuta. Angalia sakafuni: huoni kivuli kirefu chenye makali, kama kile kinacholala chini saa kumi za jioni. Mwanga umetawanyika. Umegonga ukuta, ukaruka, ukagonga sakafu, ukaruka tena, na kila ulipogonga tofali ulichukua wekundu kidogo. Ndiyo maana hata sehemu zisizopigwa na anga moja kwa moja hazijawa nyeusi. Zina joto fulani, kahawia yenye damu ndani yake. Mwanga wa aina hii hausemi ni saa ngapi kamili. Jua kali lenye vivuli vikali hutuambia dakika, na dakika hupita. Mwanga uliotawanyika huweza kudumu asubuhi nzima. Sehemu kubwa ya utulivu wa picha hii imetoka hapo, kabla hata hatujamtazama mtu yeyote.

Mwanga wa pili ni kwa kweli upungufu wa mwanga: giza laini la ujia. Pale chini ya tao rangi zinashuka. Lakini chungulia vizuri, uvute picha. Si giza tupu. Bado unaona sakafu, unaona kuta za pembeni, unaona nguo za mwanamke. De Hooch alijua ni kiasi gani cha kuficha. Angetia nyeusi zaidi, ujia ungegeuka shimo, na mwanamke angeonekana kama aliyemezwa.

Mwanga wa tatu uko mwisho wa ujia, upande wa pili, kule kulikofunguka. Ni sehemu ndogo sana ya turubai. Hata hivyo jicho linaifuata bila kuamrishwa, kwa sababu liko nuruni, linaingia kivulini, kisha linaona nuru nyingine mbele. Mpangilio huo wa mwanga, kivuli, mwanga ndio unaofanya ukuta bapa wa turubai upate kina. Wachoraji wa Delft wa miaka ile waliupenda sana mchezo huu wa mlango unaoonyesha mlango mwingine, na de Hooch aliurudia karibu maisha yake yote.

Sasa jaribu mambo mawili. Kwanza, piga picha ya skrini kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe kwa programu ya kawaida ya simu. Rangi zikishaondoka utaona ngazi ya mwanga peke yake: panapong'aa zaidi, panapofuata, mpaka gizani. Pili, rudisha rangi halafu kunja macho nusu, kope zikaribie kufungana. Vitu vidogo vitapotea na vitabaki vipande vikubwa vinne au vitano vya mwanga na giza. Vichore hivyo tu kwenye karatasi, kwa penseli, bila watu, bila matofali. Karatasi yako itakuwa na utulivu uleule. Hapo utajua kwamba utulivu haukutegemea nyuso za watu.

Hatua ya nne: ziba kwa kidole

Rudi kwenye picha kamili. Ziba mwanamke wa ujiani kwa kidole. Tazama kwa muda, kisha ondoa kidole. Rudia.

Bila yeye, ua unabaki mzuri, lakini upande wa kushoto unakuwa njia tu, kitu cha kupitia. Akirudi, njia inakuwa mahali. Kuna mtu anasubiri, au anasikiliza, au anatazama tu watu wa nje. Hatujui, na mchoraji hakutaka tujue. Mtu aliyetupa mgongo hutufanya tutazame anakotazama yeye. Uso wake tungeuona tungeusoma, tukaamua ana furaha au huzuni, tukaondoka. Mgongo hausomeki, kwa hiyo tunabaki.

Sasa ziba ule mwanga mdogo wa mwisho wa ujia. Nyumba nzima inafunga. Hewa inakatika. Nimewaonyesha jaribio hili watu wasiojali sanaa hata kidogo, na hapa ndipo huwa wanakaa kimya.

Mwisho ziba mtumishi na mtoto pamoja. Utaona kwamba wao ndio wanaotia uhai mwendo wa picha: mkono ulioshikwa, uso uliogeuzwa juu. Ni mwendo mdogo, umezungukwa na vitu visivyosogea. Mtu angefikiri picha tulivu ni ile isiyo na mwendo wowote, lakini ua mtupu haungekuwa tulivu, ungekuwa umehamwa tu.

Hatua ya tano: soma jiwe

Vuta picha juu ya tao. Lile bamba si pambo la kubuni. Lilikuwapo kweli Delft, juu ya mlango wa nyumba ya watawa ya Mtakatifu Yeronimo, na lina mwaka 1614. Maneno aliyoyaweka de Hooch hayafuati jiwe herufi kwa herufi, lakini maana ya maandishi kwa Kiswahili ni hii: hili ni bonde la Mtakatifu Yeronimo, jitie katika subira na uvumilivu, kwa kuwa yatupasa kwanza kushuka kama tunataka kuinuliwa.

Ukishayasoma, rudi kwa mtumishi na mtoto karibu na vile vidato. Sisemi kwamba picha ni mahubiri. De Hooch hakuwa mtu wa kuhubiri, na wanaoilazimisha kila ndoo ya Kiholanzi iwe na fumbo la dini hunichosha. Lakini mtu hachori jiwe la watawa juu ya tao, akajitaabisha na herufi zake, kwa bahati tu. Jiwe linataja subira katika picha ambayo kila mtu ndani yake anafanya jambo la subira: kumlea mtoto, kusubiri, kutunza sakafu. Linakaa pale juu kama jirani mzee anayekubaliana na yanayoendelea chini.

Nyuma ya picha hii kuna historia ambayo inafaa uijue kabla ya kuendelea. Asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 1654 ghala la baruti lililipuka Delft. Sehemu kubwa ya mji ilibomoka na watu zaidi ya mia moja wakafa. Mmoja wao alikuwa Carel Fabritius, mchoraji mwenye kipaji kikubwa, aliyekuwa na umri wa miaka 32. Mwaka huohuo de Hooch alimwoa Jannetje van der Burch mjini humo, na mwaka 1655 alijiunga na chama cha wachoraji cha Mtakatifu Luka. Maana yake ni kwamba alipoketi kuchora ua huu, miaka minne tu ilikuwa imepita tangu mji ule ugeuke kifusi. National Gallery hiyohiyo ina picha ya Egbert van der Poel inayoonyesha Delft baada ya mlipuko: uwanda wa mbao zilizovunjika, na watu wadogo wadogo wakihangaika. Itafute uiweke pembeni ya hii yetu. Mimi tangu nilipoziona pamoja siwezi tena kuuita utulivu wa de Hooch utulivu wa watu wasiojua shida.

Hatua ya sita: hesabu mkono wa mwashi

De Hooch alibatizwa Rotterdam tarehe 20 Desemba 1629. Baba yake alikuwa mwashi, mama yake mkunga. Sipendi kumweleza msanii kwa kazi za wazazi wake, ila hapa nashindwa kujizuia, kwa sababu hakuna mtu wa kizazi chake aliyechora matofali kwa mapenzi kama yeye.

Vuta picha kwenye nguzo ya tao. Tofali moja lina rangi ya waridi, la pili kahawia, la tatu limekaribia zambarau, na kati yake kuna mistari myembamba ya chokaa. Mengine yana kingo zilizolika. Kuna mahali ukuta umepakwa chokaa juu na chokaa imebanduka, tofali likachungulia. Shuka mpaka sakafuni uone jinsi matofali ya kukanyagwa yalivyo tofauti na ya ukutani: yamechakaa namna nyingine, kwa miguu na maji. Chagua kipande kimoja cha ukuta chenye ukubwa wa ukucha wako kwenye skrini, ukae nacho dakika mbili nzima. Utaona rangi iliyopakwa nene kidogo pale mwanga unapogonga, na nyembamba pale pasipo na mwanga.

Ukiwa hapohapo upande wa kushoto chini, kwenye tao, tafuta herufi P.D.H. na mwaka 1658. Ameweka sahihi yake juu ya kazi ya uashi.

Jambo hili lina uhusiano wa moja kwa moja na mwanga. Ukuta wa rangi moja hunyonya mwanga kwa namna moja na jicho huuacha upesi. Ukuta wa matofali mia, kila moja likiupokea mwanga kivyake, humfanya mtazamaji apunguze mwendo. Jicho haliwezi kukimbia juu ya ukuta ule. Linajikwaa kwa upole kila sentimita.

Hatua ya saba: chukua rula

Chapisha picha kwenye karatasi, hata kama ni nyeusi na nyeupe, hata kama wino ni hafifu. Sasa tafuta mistari ambayo kwa kweli ingekwenda mbele sambamba: safu za matofali ya sakafu zinazoingia ndani, na kingo za ujia. Weka rula juu ya kila mstari uuendeleze kwa penseli. Mistari itaelekea kukutana. Mahali inapokutana ni usawa wa jicho la mchoraji, yaani kimo ambacho wewe pia umesimamishwa bila kuombwa ruhusa. Pima kimo hicho dhidi ya vichwa vya watu walio ndani ya picha, ujiulize: nimesimama, nimeketi, au nimeinama?

Wachoraji wa Delft walikuwa na njia rahisi ya kuipata mistari hii. Walichomeka pini kwenye turubai mahali pa kukutania, wakafunga uzi, wakaupaka chaki, wakauvuta na kuuachia ukaacha alama. Tundu la pini limeonekana katika picha kadhaa za de Hooch na za mchoraji mwenzake wa Delft, Johannes Vermeer. Seremala na mwashi wanaijua njia hiyo ya uzi na chaki mpaka leo.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo naliona ndilo moyo wa kazi yake. National Gallery ina picha nyingine ya de Hooch ya mwaka uleule 1658, namba NG834, ya chumba ambamo mwanamke anakunywa pamoja na wanaume wawili. Vuta sehemu ya mtumishi aliyemo. Utaona vigae vya sakafu vinapenya kwenye sketi yake. Rangi ya juu imekuwa nyepesi kadiri miaka ilivyopita na kilichokuwa chini kimejitokeza. Maana yake de Hooch alimaliza sakafu kwanza, vigae vyote, ndipo akamleta mtu asimame juu yake.

Nyumba ilitangulia, watu wakafuata. Mwanga ulikuwa umeshaingia chumbani kabla ya mtu yeyote kufika. Ukirudi uani ukiwa na habari hiyo, utaelewa kwa nini watu wale hawaonekani kupangwa kwa ajili yetu. Wamekuta mahali pamekwisha kuwa tayari, wakaingia na shughuli zao.

Hatua ya nane: ilinganishe na ndugu zake

De Hooch alilitumia tao lilelile na jiwe lilelile mara nyingine mwaka huohuo, katika picha ambayo imekuwa ikionyeshwa Edinburgh, katika jumba la sanaa la taifa la Scotland. Humo chini ya upenu wamo wanaume wawili na mwanamke, kuna kinywaji, na msichana mdogo ameketi na mbwa. Ziweke picha mbili ubavu kwa ubavu. Ua ni karibu uleule, lakini hii ya pili ina mazungumzo ndani yake, na ukiitazama unataka kujua wanasema nini. Ya London haikupi hamu hiyo. Tofauti kati ya picha hizi mbili pia inatuambia kwamba de Hooch hakuwa akinakili ua mmoja uliokuwapo. Alichukua vitu vya kweli vya mji, tao hapa, jiwe pale, akavipanga upya alivyotaka.

Kisha tafuta picha ya Vermeer ya mtaa mdogo, iliyochorwa karibu miaka hiyohiyo, ambayo iko katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Ni ndogo zaidi, sentimita 54.3 kwa 44. Ina mwanamke anayeshona mlangoni, watoto wawili kando ya barabara, na mwanamke mwingine ndani ya kichochoro. Mwaka 2015 mtafiti Frans Grijzenhout, akitumia kumbukumbu za zamani za ushuru wa mji, alitaja kuwa mahali penyewe ni Vlamingstraat, penye nyumba namba 40 na 42 za sasa, alikoishi shangazi wa Vermeer aliyekuwa akiuza matumbo. Angalia majani kwenye picha hiyo: yana ubuluu, kwa sababu rangi ya njano iliyochanganywa kutoa kijani imefifia. Ni onyo zuri. Rangi tunazoziona leo si zote walizoziona wao.

Jiulize wapi Vermeer amekusimamisha na wapi de Hooch amekusimamisha. Vermeer amekuweka ng'ambo ya barabara, nje, unatazama uso wa nyumba. De Hooch amekufungulia mlango wa nyuma ukaingia. Kwa suala la mwanga Vermeer ana mkono mwepesi zaidi, sibishi. Lakini kwa ukarimu namchagua de Hooch.

Karibu mwaka 1660 au 1661 de Hooch alihamia Amsterdam, na picha zake zikaanza kujaa marumaru, vyumba vikubwa na watu waliovaa kitajiri. Zitazame moja mbili kwa kulinganisha, kisha urudi Delft.

Hatua ya tisa: jaribu uani kwenu

Ukitaka kuhakikisha umeelewa, tafuta mahali palipo wazi juu na palipozungukwa na kuta: uani, kwenye ngazi za ghorofa, korido ya shule inayotokea kiwanjani. Nenda siku ya mawingu mepesi, au jua likiwa limejificha nyuma ya ukuta. Simama mahali ambapo unaona mwanga, kisha giza, kisha mwanga mwingine kwa mbali. Shika simu wima. Gusa skrini kwenye sehemu yenye mwanga wa wastani, si kwenye giza, maana ukigusa giza simu itaongeza mwanga na ule mlango wa mbali utaungua kuwa mweupe mtupu. Piga pakiwa patupu kwanza. Baada ya hapo usimpange mtu. Kaa usubiri apite mtu mwenye shughuli zake, umwombe ruhusa kama ataonekana uso.

Hatua ya mwisho: nenda ukaione

Kwa walio London au wanaopitia huko, National Gallery iko Trafalgar Square na kuingia kuona picha zake za kudumu ni bure. Kabla ya kwenda angalia kwenye tovuti kama NG835 imetundikwa siku hiyo, kwa kuwa picha huazimwa na hubadilishwa vyumba. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, vikundi vya wanafunzi vikiwa bado havijafika. Anza kwa kusimama mbali, mita tatu au nne, uione ile mianga mitatu bila watu. Sogea mpaka hatua moja na nusu, uingie ujiani kwa macho. Karibia zaidi mara moja tu, kwa ajili ya matofali, bila kuvuka mstari wa ulinzi wala kunyoosha kidole. Rudi tena mbali. Ukikuta haipo ukutani, uliza picha nyingine za de Hooch zilizopo, hasa ile yenye vigae vinavyopenya sketini, NG834, na ya mwanamke na mtumishi wake uani, NG794.

Kwa walio Uholanzi, jumba la sanaa la Mauritshuis mjini Den Haag lina ua mwingine wa de Hooch, wenye mwanamume anayevuta kiko na mwanamke anayekunywa. Kutoka hapo hadi Delft ni safari fupi ya treni au tramu. Ukishuka, fuata mfereji uitwao Oude Delft. Lile bamba la mwaka 1614 bado lipo, limejengewa kwenye ukuta wa bustani nyuma ya nyumba namba 157 ya mfereji huo. Ni makazi ya watu, kwa hiyo usibishe hodi wala usijipenyeze. Tembea tu kando ya maji, uangalie jinsi mwanga unavyoingia kwenye kila ujia uliofunguliwa mlango.